Ukiuliza dawa, utauziwa dawa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mkulima wa muhogo huku Mkuranga, na ni katibu wa kikundi chetu cha akina mama. Najua wengi wanakuandikia mambo ya waume na mawifi. Mimi mwenzio kinachoniumiza kichwa ni simu.

Msimu uliopita tulipong'oa muhogo, mizizi mingi ilionekana mizuri kwa nje. Ukiikata, ndani ina mabaka ya kahawia, makavu na magumu. Haifai kuchemsha wala kufanya makopa. Tulipokumbuka nyuma, majani ya chini yalikuwa na umanjano kandokando ya mishipa, lakini mashina yalisimama vizuri tu, kwa hiyo hatukushtuka.

Kwa kuwa nina simu janja, kikundi kikanituma nitafute mtandaoni. Nikaandika kwenye Google "dawa ya ugonjwa wa muhogo". Yakaja maduka ya viuatilifu, halafu kurasa za faida za majani ya muhogo kwa wenye presha na kisukari. Mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo Dar, akacheka, akasema Google ni ya wazee. Akauliza programu ya akili mnemba. Kikaja kijibu kizuri, kimepangwa kwa vichwa vya habari, kina jina la dawa ya kupulizia na kipimo kwa kila lita ya maji, na chini yake utafiti wenye majina ya waandishi na mwaka. Huo utafiti nimeutafuta kila mahali, sijauona.

Mwenyekiti naye ana video ya WhatsApp: jivu, mwarobaini na sabuni ya unga, unapulizia siku saba ugonjwa unaisha. Na kuna kaka mmoja kule Facebook anauza pingili za "mbegu kinzani asilimia mia". Anataka nusu ya pesa kwanza kwa simu.

Mvua za vuli ziko karibu na mkutano wa kikundi ni mwisho wa mwezi. Kila mtu ana jibu lake na wote wamelitoa kwenye mtandao uleule. Mimi nitumie kipi? Kiingereza changu ni cha kuombea maji, na bando ndiyo hivyo, la kubana.

Katibu, Mkuranga

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na shamba, simu itafuata. Dalili ulizozitaja zinafanana sana na ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Shamba lako sijaliona, kwa hiyo wa kuthibitisha ni afisa ugani wa kata yako, akiwa amesimama shambani na kisu mkononi. Ila kama ni wenyewe, basi ni ugonjwa wa virusi, na muhogo ukishaingiwa na virusi hakuna cha kupulizia kitakachouponya. Kiuatilifu kinaweza kuua inzi weupe wanaousambaza. Virusi vilivyokwisha kuingia kwenye shina havitoki.

Sasa rudi kwenye yale maneno uliyoyaandika Google. Uliuliza dawa. Mtambo wa kutafuta haukukatizi kauli ukakwambia "mama, dawa haipo, uliza kingine". Unachukua maneno yako, unatafuta kurasa zenye maneno hayohayo, na wanaoandika sana neno "dawa" ni wenye dawa za kuuza. Neno "muhogo" likiwa jirani na "dawa", ndiyo ukaletewa presha na kisukari. Mtoto wa kaka yako aliuliza vilevile kwa mashine nyingine, nayo ikamtengenezea dawa. Zana mlibadilisha, swali likabaki lilelile.

Nimefanya kazi maktaba maisha yangu yote ya ajira, na swali nililomuuliza kila aliyesimama mbele ya meza yangu ndilo ninalokuuliza wewe: jibu hili unalolitaka, nani angekuwa na sababu ya kuliandika, na angelihifadhi wapi? Ukishalijibu hilo, zana inajichagua. Mambo ya aina za muhogo na magonjwa yake yanaandikwa na watafiti wa kilimo. Mambo ya nani ameruhusiwa kuuza mbegu yanaandikwa na taasisi ya serikali inayokagua mbegu. Namna ya kukata pingili kwa mkono inaonyeshwa vizuri na mkulima mwenzako kwenye video. Hawa watatu hawakai nyumba moja.

Google si ya wazee, mwambie kijana. Lakini ni vizuri kujua inafanya nini. Inatuma programu zinazopita kwenye kurasa kwa kufuata viungo, inaweka kumbukumbu ya zilichokuta, na ukiuliza inatafuta ndani ya kumbukumbu hiyo. Ambacho programu hizo hazikukifikia hukioni: mazungumzo ya WhatsApp, kurasa zinazotaka uingie kwa nywila, na taarifa nyingi zilizofungiwa kwenye hifadhidata ambazo mpaka ujaze fomu ndipo zifunguke. Na matokeo ya juu kabisa mara nyingi ni tangazo lililolipiwa, limeandikwa hivyo kwa herufi ndogo ambazo jua la Mkuranga halikuruhusu kuziona.

Kwa hiyo badilisha maneno. Andika jina la ugonjwa: michirizi ya kahawia muhogo. Ukikosa, andika michirizi kahawia, bila "ya", maana wengi huandika hivyo. Halafu kuna sisi wenyewe na tahajia zetu: mwingine anaandika muhogo, mwingine mhogo, mwingine mihogo, mmoja inzi weupe, mwingine nzi weupe. Kwa Kiingereza mitambo hii imezoea kuunganisha umoja na wingi. Kwenye ngeli zetu hupotea njia, kwa hiyo jaribu zote. Na ukiweka maneno ndani ya alama za mtajo, "michirizi ya kahawia", unauambia uyatafute yakiwa yamekaa pamoja kwa mpangilio huo. Kabla ya neno usilolitaka weka kistari, bila nafasi kati yake na neno: -presha.

Hila ninayoipenda kuliko zote ni hii. Andika: muhogo michirizi site:go.tz. Usiweke nafasi baada ya nukta pacha. Hapo unaibana Google ikuletee kurasa za serikali ya Tanzania peke yake, na wauza dawa wote wanabaki nje ya mlango. Ukitaka kubana zaidi weka site:tari.go.tz, ambayo ni tovuti ya TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Hao ndio wanaoshughulika na utafiti wa mbegu za muhogo, na wana kituo Kibaha, mkoa huohuo wa kwako. Unataka kijarida cha kuchapisha ukagawie wanakikundi? Ongeza filetype:pdf mwisho wa maneno yako.

Tovuti zetu za serikali zina tabia ya kulala. Ukibonyeza kiungo kikagoma kufunguka, nakili anwani yake uipeleke web.archive.org. Shirika la Internet Archive linahifadhi nakala za kurasa za mtandao tangu 1996, na mara nyingi ukurasa uliokufa hapa kwetu unaukuta kule mzima.

Sasa utafiti wenyewe. Umesema umeutafuta kila mahali hujauona, na hapo ulifanya kazi ya mkutubi bila kujua. Mahali pa kuutafuta ni Google Scholar, ambayo ipo tangu 2004 na inaleta maandiko ya kitaaluma: makala za majarida, tasnifu, ripoti. Bandika kichwa chote cha makala aliyopewa, ndani ya alama za mtajo. Isipotokea, tafuta kwa jina la jarida na mwaka. Ikiwa napo hamna, usiibebe kwenda nayo mkutanoni.

Mashine hizi za kujibu, tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, zinaunganisha maneno kwa kufuata mazoea ya lugha. Ni kama mgeni msemaji barazani: ukimuuliza njia ya mahali asipopajua, ataona haya kunyamaza, atakuelekeza. Rejea ya kitaaluma ina umbo linalojulikana, jina, mwaka, kichwa, jarida, na mashine inaweza kulijaza umbo hilo vizuri kabisa kwa makala ambayo hakuna mtu aliyeiandika. Huko New York mwaka 2023 mawakili walipeleka mahakamani hukumu za kesi walizopewa na ChatGPT. Kesi hazikuwepo, na jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Kama mawakili wamenaswa, mwanafunzi wa Dar tusimcheke sana.

Siku hizi baadhi ya programu hizo zinapekua mtandao kabla ya kujibu, na zinaweka viungo. Vizuri, lakini kiungo kimewekwa ili ukifungue. Mara nyingi utakuta ukurasa upo kweli, ila unasema kitu kingine. Na kile kipimo cha dawa kwa kila lita ya maji usikiguse. Matumizi ya kiuatilifu yako kwenye lebo ya chupa, na kiuatilifu chenyewe lazima kiwe kimesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu yenye makao yake Arusha. Kuchovya sumu kwa kipimo cha mashine ni kutafutiana maradhi.

Hata hivyo kijana usimfukuze, ana kazi. Wewe umesema Kiingereza chako ni cha kuombea maji, na maandiko mengi ya ugonjwa huu yako kwa Kiingereza. Jina lake huko ni cassava brown streak disease. Mwambie aandike maneno hayo Google Scholar pamoja na neno Tanzania. Aingie pia African Journals OnLine, inayokusanya majarida ya bara letu tangu 1998, mengi yanasomwa bure. Na hazina ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, ina tasnifu za wanafunzi waliotembea kwenye mashamba kama ya kwenu. Kwenye Scholar aangalie pembeni ya matokeo: palipoandikwa PDF, makala inafunguka bila malipo. Makala nzima haina haja ya kusomwa yote. Achukue ikisiri, ile aya ya mwanzo, aipe akili mnemba iitafsiri kwa Kiswahili. Hapo mashine inafaa kweli, kwa sababu andiko mnalo mkononi na tafsiri mnaweza kuilinganisha nalo.

Mwambie na hili, litamvutia. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu mwaka 1936 na H. H. Storey, mtafiti aliyekuwa kituo cha Amani, milima ya Usambara. Yaani Tanga hapo. Karibu miaka tisini imepita, na sisi bado tunapelekewa jivu na sabuni ya unga! Maarifa yapo, yalikaa tu kwenye kabati ambalo neno "dawa" halilifungui.

Lakini msikubali kila cha zamani. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba michirizi ya kahawia ni ugonjwa wa ukanda wa pwani na maeneo ya chini, kwenye miinuko hausumbui. Kuanzia 2004 ukaonekana Uganda, kwenye maeneo yaliyo juu zaidi ya mita 1,000, ukaenea. Ukisoma ukurasa ulioandikwa kabla ya hapo, hautakwambia kwamba umepitwa. Kwa hiyo kabla ya kuamini tafuta tarehe. Google na Scholar zote zinakuruhusu kuchuja kwa mwaka, na ukurasa usio na tarehe wala jina la mwandishi uupe uzito mdogo.

Kuna zana nyingine ambayo sidhani kuna aliyekutajia. Inaitwa Nuru, ni programu ya simu ya PlantVillage, ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania kule Marekani, iliyotengenezwa pamoja na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha ukanda wa joto, na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo, inakwambia dalili inazoziona, na Kiswahili inakijua. Kwa mtu wa bando la kubana hii ni yako, maana ukishaipakua inachunguza majani hata pasipo mtandao. Angalizo langu ni moja: inasoma majani. Mmejionea wenyewe kwamba ugonjwa huu unaweza kujificha mizizini huku juu shamba linapendeza. Nuru ikisema jani ni zima, bado ng'oa shina moja ukate uone.

Video ya mwenyekiti. Mwambie kwa heshima, hasa kama ni mkubwa kwako, kwamba video inafaa kufundisha mkono, haifai kuthibitisha dai. Jinsi ya kuchagua shina, urefu wa pingili, namna ya kuilaza ardhini, hayo nenda YouTube na utazame. Dai kwamba virusi vinakwisha kwa siku saba linahitaji mtu mwenye jina aliyelijaribu kwenye mashamba na kuandika alichopata. Video iliyosambazwa mara nyingi haina mwenyewe. Huwezi kumrudia mtu ukamuuliza.

Nimeacha mwisho jambo linaloniogopesha kuliko yote, yaani yule kaka wa Facebook. Wewe umelitaja kwa mstari mmoja tu, lakini ndipo pesa za kikundi zilipo. Na ugonjwa huu hausambazwi na inzi weupe tu, husafiri pia kwa pingili. Ukinunua pingili zenye virusi, umelipa nauli ya ugonjwa kuja shambani kwako.

Muulize jina la aina ya mbegu anayouza. "Mbegu kinzani" si jina. Aina za muhogo zina majina. Kiroba, kwa mfano, inafahamika sana ukanda wenu wa Pwani, na sifa yake ni kuuvumilia ugonjwa huu. Kuvumilia maana yake ni kwamba inaweza kuambukizwa na bado ukavuna. Anayekuahidi asilimia mia anauza maneno. Akikupa jina, litafute kwa site:go.tz uone kama taasisi ya utafiti inalijua na inasema linafaa ukanda gani. Kisha mwambie akuonyeshe cheti cha ukaguzi wa shamba lake kutoka TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, makao yake Morogoro. Cheti hicho usikiamini kwa picha tu. Namba ya simu ya TOSCI itoe kwenye tovuti yao wenyewe, usiitoe kwake, upige uulize.

Na picha za shamba lake zuri alizoweka, zibonyeze kwa muda kwenye kivinjari cha simu, uchague kutafuta kwa picha hiyo, au ipeleke TinEye, tovuti ya kutafuta kwa picha. Ikiwa shamba lilelile linaonekana kwenye kurasa za watu wa nchi nyingine, umepata jibu bila kugombana na mtu. Isipoonekana kokote bado haijathibitisha kitu, cheti kinabaki palepale. Nusu ya pesa kwanza, hapana. Hata akisema wateja wamejaa.

Umeniuliza utumie kipi, na umeona nimekutajia vingi. Kwa mkutano wa mwisho wa mwezi vitakutosha vichache. Leo pakua Nuru ukiwa mahali penye Wi-Fi, pita nayo shambani na kwa majirani. Kesho fanya ule utafutaji wa site:go.tz kwa majina yote mawili ya ugonjwa, la Kiswahili na la Kiingereza, hifadhi kurasa mbili tatu kwenye simu uzisome bila mtandao. Kijana ashughulike na Scholar, alete ikisiri moja iliyotafsiriwa, na kiungo chake kikifunguka. Afisa ugani aalikwe kwenye mkutano wenyewe, aikate mizizi mbele ya wote, maana mwenyekiti hatalikubali jibu la simu yako kama usivyolikubali la simu yake.

Siku kikundi kikiwa na swali jingine, zana itabadilika. Mkigombea mpaka wa shamba mkataka kuona mahakama zimeamuaje kesi kama yenu, hukumu ziko TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania. Mkiandika mradi na mfadhili akataka idadi ya watu wa wilaya, nendeni Ofisi ya Taifa ya Takwimu, sensa ya 2022 iko pale. Wikipedia ya Kiswahili si mbaya kwa kuanzia, ila shuka mpaka chini kwenye marejeo uone waliandika kwa kutegemea nini.

Suala la bando: matokeo ya Google yenyewe hayali sana, yanayokula ni video na faili kubwa. Kwenye mipangilio ya WhatsApp zima upakuaji wa video wa moja kwa moja, halafu ile ya jivu uifute. Mwenyekiti ataituma tena tu.

Shangazi